Fimbo ya Mbali

Wahenga waliacha neno kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliyeitunga methali hiyo bila shaka alimwona nyoka uvunguni kwake, ilhali fimbo iko ukumbini kwa jirani, na hapana haja ya kumbishia. Hata hivyo ilitokea mwezi wa Agosti 2024, katika mtaa wa Sae jijini Mbeya, kwamba nyoka aliingia nyumbani kwa mjane mmoja, na fimbo pekee ya kutegemewa ilikuwa Iringa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu. Nyoka mwenyewe hakuwa na sumu wala magamba. Alikuwa ndani ya kisanduku cheusi chenye pembe mbili, kile ambacho wauza vifaa hukiita ruta, na kazi yake ni kugawa intaneti nyumbani.

Mjane huyo ana duka la steshenari katika chumba cha mbele cha nyumba yake: kompyuta mbili, printa, mashine ya kutolea nakala, na benchi la wateja barazani. Watu huja hapo kuchapisha barua, kunakilisha vyeti na kuangalia matokeo ya mitihani. Kila mwaka, baridi ya Nyanda za Juu Kusini inapoanza kulegea, huja vijana waliomaliza kidato cha sita kujaza maombi ya mkopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Msimu huo ndio mavuno yake. Mkulima wa Uyole huvuna viazi, yeye huvuna fomu, na kinachopatikana katika wiki hizo chache humvusha hadi Januari, mwezi ambao kila mzazi huuogopa kwa ada.

Asubuhi ya siku hiyo aliwasha kompyuta kama ilivyo ada, na hakuna ukurasa uliofunguka. Taa za kisanduku zote zilikuwa za kijani. Alama ya mawimbi katika simu yake ilikuwa imejaa. Kila kitu kilisema kipo, na hakuna kilichoitika. Alikizima kisanduku, akahesabu hadi kumi, akakiwasha. Alichomoa nyaya, akazipuliza vumbi, akazirudisha. Alitazama kama huduma ya mwezi imelipiwa, ilikuwa imelipiwa. Kufikia saa tatu benchi la barazani lilikuwa limejaa.

Wa kwanza kwenye benchi alikuwa binti aliyepanda basi alfajiri kutoka Chunya. Fomu yake alikwisha kuijaza hapo hapo juma lililotangulia, ikachapishwa, akaenda nayo nyumbani kutafuta saini ya serikali ya kijiji na muhuri wa hakimu. Sasa kulikuwa kumebaki jambo moja tu, kuzipakia zile kurasa zilizosainiwa, pamoja na cheti cha kifo cha baba yake kilichohakikiwa na RITA. Siku za dirisha la maombi zilikuwa zikihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Binti alikuwa ameikumbatia bahasha yake kifuani kama mtu aliyebeba kitu cha kuvunjika.

Panapozuka hitilafu, kila mtu huwa tabibu. Kijana mmoja alisema ni mlima Loleza unaozuia mawimbi, kana kwamba mlima ulihamia hapo usiku. Mama mmoja alisema ni vifurushi vya siku hizi, havina baraka. Mzee aliyekuja kunakilisha hati ya kiwanja aliwakumbusha wote Mei 12 ya mwaka huo huo, siku ambayo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja na karibu nchi nzima ikakosa intaneti. Kwa maoni yake, kamba ilikuwa imekatika tena.

Mzee huyo hakuwa amesema upuuzi. Msomaji wa visiwani anaijua kamba ya baharini kuliko mtu wa bara: tangu 1879 waya wa telegrafu uliotoka Aden ulipita Unguja kwenda Msumbiji hadi Durban. Nyaya za nuru zilikuja baadaye sana. SEACOM ilitua Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na kutoka pwani Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaipandisha njia hiyo milimani, ukapita Iringa na Mbeya hadi mipaka ya Zambia na Malawi. Kwa hiyo mtu anayeishi chini ya Loleza, ambaye pengine hajapata kuona wimbi likivunjika ufukweni, ananing'inia kila siku kwenye kamba iliyofungwa baharini. Ila siku hiyo kamba ilikuwa nzima. Katika duka la pili, ng'ambo ya barabara, kurasa zilikuwa zikifunguka, na wateja wawili walikwisha kunyanyuka kimya kimya kutoka kwenye benchi na kuvuka.

Mjane aliipigia simu kampuni inayomuuzia huduma. Baada ya muziki mrefu, sauti ya kijana ilimwambia kwa adabu kwamba kwa upande wao laini inaonekana iko sawa. Tatizo liko upande wake. Kauli hiyo ilikuwa ya kweli, na haikumsaidia chochote. Ni sawa na kumwambia mgonjwa kwamba hospitali haiumwi.

Kisha akapita fundi wa simu wa mtaani. Alikigeuza kisanduku, akamwonyesha tundu dogo mgongoni. "Mama, hapa panabonyezwa kwa pini, kinarudi kama kilivyotoka kiwandani." Kama pini isingefaa, angekichukua mjini kwa siku mbili, kwa shilingi 40,000. Mjane aliipokea pini. Aliishika kwa muda akilitazama lile tundu, kisha akaiweka mezani, akachukua simu yake ndogo ya vibonyezo na kumpigia mdogo wake Iringa.

Mdogo wake huyo anakaa Kihesa, na anafundisha ufundi wa umeme. Yeye ndiye aliyekinunua kisanduku cheusi na kukifunga, Krismasi ya mwaka uliotangulia, alipokuja Mbeya kusalimia. Alikuja jioni, akakaa kwenye kiti cha dada yake kwa saa nzima akiwa amempa mgongo, akibonyeza, akiguna, akibonyeza tena. Alipoinuka alisema maneno mawili, "Tayari, dada," wakaenda kula. Tangu siku hiyo kisanduku kilifanya kazi, na hapakuwa na aliyeuliza kinafanyaje.

"Ugonile, dada," alimwamkia kwa lugha ya nyumbani kwao Rungwe, yaani, umelalaje.

"Leo hata sijui kama nimelala, mdogo wangu. Hiki kisanduku chako kimenigeuka. Fundi yuko hapa na pini yake."

"Pini iwekwe mbali. Usiguse hilo tundu. Hapo nje kuna nani anayesubiri?"

Swali hilo halikutarajiwa. Mjane alimweleza habari za binti wa Chunya na bahasha yake. Kutoka Iringa likaja jibu, "Basi tuanze na mtu, chombo baadaye." Akamwelekeza anunue kifurushi kwenye ile simu yake kubwa, aiamuru simu hiyo igawe intaneti yake yenyewe, na kompyuta iungwe nayo. Nyumba ya Sae iko bondeni, na mawimbi ya data hufika hapo yamechoka. Kwa sababu hiyo ndiyo waliamua kuvuta waya wa nuru. Simu ikawekwa dirishani, ikaegemezwa kwenye kopo la kalamu. Kurasa za binti zilipanda moja baada ya nyingine kwa mwendo wa kinyonga, na ilichukua karibu nusu saa kioo kikatoa uthibitisho kwamba zimepokelewa. Binti aliusoma uthibitisho huo mara tatu, akaomba achapishiwe, akaukunja na kuutia ndani ya bahasha pamoja na vyeti. Aliondoka bila haraka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Umeona, dada?" alisema mdogo wake alipopigiwa tena. "Tumemsaidia mtoto wa watu, na tumepima pia. Kompyuta ni nzima. Bodi ipo. Dunia ipo. Ugonjwa uko hapo nyumbani, kati ya ukuta na meza."

Hapo ndipo unapodhihirika ufundi, nao si ujuzi wa kutengeneza. Ni ujuzi wa kuuliza kwa mpangilio. Mtu aliyepatwa na hitilafu huanza na swali la nani mwenye kosa: kampuni, serikali, mlima, chombo cha kichina. Fundi huanza na swali la wapi. Huigawa njia vipande vipande, na kila kipande anakiuliza peke yake, kama mpimaji maji anayefuata bomba kutoka kwenye tangi hadi kwenye bilauri.

Kipande cha kwanza kilikuwa hewa. Mawimbi yaliyojaa kwenye simu husema jambo moja tu, kwamba simu na kisanduku vinasikilizana. Hayasemi kama kisanduku kinasikilizana na ulimwengu. Mjane akaiunga kompyuta moja kwa kisanduku kwa waya. Kurasa hazikufunguka, basi hewa ikaondolewa lawama. Kipande cha pili kilikuwa kile kisanduku cheupe cha kampuni, ambacho waya wa nuru huingia ndani yake. Taa yake nyekundu, ambayo ni taa ya kupotea kwa nuru, haikuwaka. Cheupe nacho kikaachiwa. Kikabaki cheusi.

"Sasa fungua lile dirisha jeusi la maandishi," alisema wa Iringa, na akamtajia herufi nne, p, i, n, g, kisha nafasi, kisha nane nne zenye nukta kati yake. Amri hiyo iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983, naye aliipa jina la ule mlio ambao manowari huutupa majini ili zisikilize mwangwi wake. Kompyuta hufanya vivyo hivyo: hutupa sauti kwa kompyuta nyingine ya mbali na kungoja kama itarudi. Nane nne ni anwani ya seva ya hadhara ya Google, ambayo imekuwapo tangu 2009, na mafundi wa dunia nzima hupenda kuibishia hodi kwa sababu namba zake hazisahauliki.

"Inasema ripulai," alisoma mjane. "Ripulai, ripulai, ripulai."

"Mara ngapi?"

"Nne."

"Zote zimerudi. Sasa andika amri ile ile, ila badala ya namba weka jina, tovuti yoyote unayoijua."

Safari hii kompyuta ilikaa kimya kidogo, kisha ikatoa sentensi ndefu ya Kiingereza ambayo mjane aliisoma kwa herufi, kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi la mgeni. Maana yake ilikuwa kwamba jina hilo halikupatikana.

"Basi tumempata nyoka," ilisema sauti ya Iringa. "Barabara ipo, dada. Yaliyopotea ni majina."

Maneno hayo yana uzito kwa yeyote anayeishi kwa lugha. Intaneti haijui majina. Ndani yake zinasafiri namba tu, na kila tovuti ina namba zake. Majina ni ya wanadamu, maana mwanadamu hukumbuka neno na kusahau tarakimu. Hapo kale, kompyuta zilipokuwa mamia machache, orodha ya majina yote na namba zake ilikaa katika faili moja iliyotunzwa katika taasisi ya utafiti huko California, na kila aliyehitaji aliichukua nakala. Faili ikazidiwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni utaratibu unaotumika hadi leo, ujulikanao kwa herufi D, N na S: daftari la majina lililogawanywa kwa watunzaji wengi duniani, kila mmoja akijua sehemu yake na akijua wa kumwuliza asilolijua. Kila mtu anapoandika jina la tovuti, kompyuta yake kwanza huuliza, "Huyu namba zake zipi?" Isipopata jibu, haiendi popote, hata kama njia ni nyeupe na pana.

Kisanduku cha Sae kilikuwa kimezoea kuulizwa. Kompyuta zote za nyumbani zilikiuliza chenyewe, nacho kiliwauliza watunzaji wa nje kwa namba ambazo mdogo wake mjane alizijaza kwa mkono siku ile ya Krismasi. Asubuhi hii kilikuwa bado kinasema, "Niulizeni mimi," lakini kikiulizwa hakikuwa na wa kumwuliza. Nafasi ya namba ilikuwa tupu.

Nani aliifuta? Ili kulijua hilo ilibidi kuingia ndani ya kisanduku, kwenye ukurasa wake wa mipangilio, na hapo ukazuka mlango wenye komeo. Neno la siri lilikuwa kichwani mwa mtu wa Iringa peke yake. Alisitasita kulitaja, kisha akalitaja, nalo lilikuwa jina la ng'ombe wa marehemu baba yao, yule mweupe mwenye doa begani, na mwaka aliouzwa. Mjane alicheka hadi waliobaki kwenye benchi wakachungulia. "Ee, mdogo wangu! Miezi minane ng'ombe wa baba amekaa mezani kwangu, nami sikuambiwa?"

Ukurasa ulifunguka, wote kwa Kiingereza. Orodha ya lugha ilikuwa ndefu, na Kiswahili hakikuwamo. Sehemu hiyo ndiyo iliyokula muda mwingi kuliko zote. Mjane alisoma neno kwa herufi, na mdogo wake akalitafsiri. Na palipokuwa hapana neno walilolizoea wote wawili, walilitunga papo hapo. Sehemu ya kuunganishwa na kampuni waliiita mlango wa nje. Sehemu ya kugawa ndani wakaiita sebule. Sehemu ya D, N na S wakaiita daftari. Kisha ukaja mstari uliotaja toleo jipya na tarehe ya siku hiyo, saa tisa usiku. Kisanduku kilikuwa kimejisasisha wenyewe wakiwa wamelala.

Kilichosasishwa huitwa programu dhibiti. Si programu ambayo mwenye chombo huifungua na kuifunga apendavyo. Ni ile iliyokaa ndani ya chombo chenyewe, inayokiamsha kinapopata umeme na kukifundisha kuwa ruta na si kipande cha plastiki. Ikibadilishwa, ni kama nyumba kubaki na kuta zile zile huku mpishi, mlinzi na bawabu wote wakiwa wapya. Kwa kawaida wapya hao hukabidhiwa maagizo ya zamani. Safari hii maagizo mengi yalikabidhiwa, isipokuwa ukurasa wa daftari. Jina na neno la siri ambavyo kisanduku hujitambulisha navyo kwa kampuni vilikuwa vimebaki, na hilo ndilo jambo ambalo pini ingelimaliza. Laiti tundu lingebonyezwa, hayo nayo yangefutika, na hitilafu ya mstari mmoja ingegeuka kuwa siku mbili za duka kufungwa.

Tiba yenyewe haikuzidi dakika moja. Katika nafasi ya kwanza mjane aliandika zile nane nne. Katika ya pili, moja nne zenye nukta kati yake, anwani ya watunzaji wengine, ili mmoja akinyamaza mwingine aitike. Akahifadhi. Kisanduku kikazima taa zake na kuziwasha upya. Kurasa zikafunguka. Ilikuwa saa nane mchana.

Kiswahili hakijawahi kushindwa na waya. Neno simu lenyewe lilivuka bahari kutoka Kiajemi likiwa na maana ya waya. Likaitwa telegrafu ilipofika, likahamia kwenye chombo cha kuzungumzia, na leo linakaa raha mustarehe kwenye kidude kisicho na waya hata mmoja. Kompyuta zilipoenea, lugha haikulala. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyosema Kiswahili. Wapo waliobishana kwa miaka juu ya tarakilishi na ngamizi, na mjadala huo ulikuwa na faida zake. Ila lugha ilipandishwa hadi kwenye uso wa kioo tu. Kule ndani, katika vyumba ambamo mwenye nyumba huingia siku ya msiba pekee, Kiswahili hakikubishiwa hodi. Matokeo yake ni kwamba chombo hulipiwa na mtu mmoja, hujibadilisha usiku bila kumwamsha, na asubuhi kikiugua hujieleza kwa lugha asiyoielewa. Mwenye nyumba huwa mpangaji katika nyumba yake.

Mjane alikuwa na dawa yake ya jambo hilo. "Nionyeshe pa kukizuia kisijibadilishe tena."

Mdogo wake alikataa, na alikuwa na sababu. Mwishoni mwa Novemba 2016, huko Ujerumani, visanduku vya nyumbani vipatavyo 900,000 vya wateja wa Deutsche Telekom viliyumba baada ya wahalifu kujaribu kuviingilia kutoka mbali, na dawa iliyotolewa ilikuwa ni sasisho la programu hiyo hiyo ya ndani. Mei 2018 iligunduliwa programu haramu iliyopewa jina la VPNFilter, ambayo ilikwisha kujificha katika visanduku visivyopungua 500,000 katika nchi 54, hata idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ikawaomba watu wa kawaida wavizime na kuviwasha visanduku vyao. Kisanduku kisichosasishwa ni nyumba ambayo komeo lake limekaa miaka kumi, na funguo zake zinauzwa sokoni. Afadhali asubuhi moja ya usumbufu kuliko mgeni asiyeonekana sebuleni. Wakakubaliana kisanduku kiruhusiwe kujisasisha usiku wa kuamkia Jumapili tu, siku ambayo duka hufungwa, na nakala ya mipangilio yake yote ikahifadhiwa ndani ya kompyuta.

Kabla ya kukata simu, mtu wa Iringa alinyamaza kwa muda, mpaka mjane akadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Dada, kosa lilikuwa langu. Siku ile nilikufungia kitu nikiwa nimekupa mgongo."

Neno hilo ni zito kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo, na linawahusu wengi walioelimika. Mwenye ujuzi huona wema katika kumtengenezea ndugu yake; aghalabu haoni kwamba wema unaofanywa kwa mgongo humwacha ndugu akiwa mhitaji zaidi ya alivyokuwa. Kisanduku kilipowekwa, mjane alipata intaneti, na pamoja nayo alipata utegemezi wa kilomita 300. Walichokosa kukabidhiana si uhodari, maana mjane alithibitisha mchana huo kwamba uhodari anao. Walikosa majina ya vitu. Mtu asiyejua jina la kinachomuuma hawezi kumwambia tabibu pa kushika, na hawezi kujiganga mwenyewe.

Jioni, benchi lilipobaki tupu, mjane alichukua daftari la shule, akachana karatasi ya kati. Akaandika kwa mkono wake, kwa kalamu ya bluu, maneno waliyoyatunga pamoja. Kwanza: nani anasubiri, asaidiwe kwa simu. Pili: je, ng'ambo ya barabara intaneti ipo? Tatu: tazama taa nyekundu ya cheupe. Nne: unga kwa waya. Tano: piga hodi kwa namba, kisha kwa jina. Sita: namba ikiitika na jina lisiitike, nenda kwenye daftari, jaza nane nne na moja nne. Saba: pini ni ya mwisho, na kabla yake nakili kila kitu. Neno la siri hakuliandika. Alichora tu ng'ombe mdogo mwenye doa begani. Akaibandika karatasi ukutani juu ya kisanduku.

Februari 2025 kisanduku kilijisasisha tena, na Jumatatu asubuhi kurasa zikagoma. Mtu wa Iringa hakupata habari mpaka juma moja baadaye, alipopiga simu kuulizia bei ya mahindi Mbeya.

"Mbona hukunipigia?" aliuliza, na katika sauti yake mlikuwa na kitu kama huzuni.

"Kwa lipi, mdogo wangu? Nilikisomea ile karatasi mpaka hatua ya sita, kikaitika. Wateja hata chai walikuwa hawajamaliza."

Akamtajia bei ya mahindi kwa debe, na ya viazi pia, wakaendelea na mengine.